WATAALAM WA KAUNTI WASIFANYWE VIBARUA



Hapa Mwabungo, na hata kwa wenzetu wa Ukunda na Msambweni, swali moja limekuwa likizungushwa vibarazani kwa muda, nalo yafaa lijibiwe kwa maandishi. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki fedha za umma zitumike kuwaweka vijana wenye digrii za sayansi katika ofisi za Serikali ya Kaunti, hali sisi wenye mikono ya sugu twalia mishahara haitoshi? Ndugu mmoja alisema waziwazi kwamba huko ni kuongeza viti na meza na chai ya saa nne. Mwengine aliuliza chama cha wafanyakazi kina haja gani na mambo ya wasomi.

Sisi twajibu kwamba ni haki, tena jambo hili limechelewa. Lakini tunalo sharti moja. Likiwekwa tutauunga mkono mpango huo kwa nguvu zetu zote, na lisipowekwa tutakuwa wa kwanza kuupinga.

Mtaalam wa Serikali si mgeni katika nchi hii. Wazee wetu walimjua bwana shamba, wakamjua na bwana afya aliyekuja kuchungulia vyoo na visima. Walilipwa na Serikali, na Serikali ilipata fedha zake kwa kodi ya hao hao waliochunguliwa. Ubaya ulikuwa kwamba alichokiona bwana shamba alikipeleka juu kwa bwana mkubwa, na kijijini kilirudi amri tu: pandeni hiki, ng'oeni kile. Sababu hakuna aliyeambiwa.

Siku hizi nchi nyingine zina mpango wa namna nyingine. Marekani, tangu mwaka 1973, chama kikubwa cha wanasayansi wa huko kilianza kupeleka wataalam wake kufanya kazi mwaka mmoja mmoja pamoja na Wabunge. Wa kwanza walikuwa saba tu. Baadaye majimbo nayo yakafuata. California ilianza wake mwaka 2009, katika Bunge la jimbo mjini Sacramento. Mtu aliyesomea maji hukaa karibu na wale wanaotunga sheria ya maji, akawaambia lipi laweza kupimwa na lipi ni porojo. Katika mpango huo tumependezwa na jambo moja khaswa: wale wanaokwenda Bungeni Washington kwa kawaida hulipwa na vyama vya sayansi, si na yule mkubwa wanayemshauri. Mkubwa akiudhika kwa ushauri hana mshahara wa kukata. Tafadhali likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Sasa turudi kwetu Kwale, tuone kama haja ipo.

Mwezi wa Februari 2014 meli ya kwanza ya mchanga wa madini kutoka Maumba na Nguluku iling'oa nanga Likoni. Mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Wanachama wanawajua ndugu zao waliorudi nyumbani na barua za kuachishwa kazi, wala hatuna haja ya kueleza hali zao hapa. Katika miaka ile yote, ilmenite, rutile na zircon zilipimwa na nani? Zilipimwa katika maabara ya kampuni, na Serikali Kuu ilikuwa na watu wake. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika mrabaha, asilimia 70 ni ya Serikali Kuu, 20 ni ya kaunti, na 10 ni ya wananchi wa pale palipochimbwa. Mwenye fungu katika mali yafaa awe na mtu wake wa kuipima. Sisi tulikuwa na fungu, mizani hatukuwa nayo.

Na jambo halijaisha, maana Mrima ipo. Kilima kile, ambacho ni msitu wa hifadhi na mahali patakatifu pa wazee, kina niobium na madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayatafuta usiku na mchana. Mwaka 2013 kampuni moja, Cortec, ilitangaza kwamba mali iliyomo ina thamani ya zaidi ya dola bilioni 60. Hiyo ilikuwa hesabu ya kampuni yenyewe. Mwaka huo huo leseni yake ikafutwa, nayo ikaishtaki Kenya katika baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia. Mwezi wa Oktoba 2018 Kenya ikashinda. Wanachama wanajua ilishinda kwa nini? Kwa sababu leseni ile ilitolewa bila ya kutimiza sheria, na kati ya yaliyokosekana ilikuwa idhini halali ya uchunguzi wa athari kwa mazingira. Karatasi ya sayansi, ambayo watu wengi huiona ni mapambo ya kabati, ndiyo iliyosimama mlangoni. Kesho atakuja mwengine Mrima na hesabu nyingine, na watu wa Kwale wataulizwa wakubali au wakatae. Ni nani atakayewasomea karatasi zile ambaye halipwi na mchimbaji?

Wengine watasema madini ni kazi ya Serikali Kuu. Kweli. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kilimo, zahanati na hospitali zake, huduma za maji, na kuzuia uchafuzi wa hewa. Vumbi ni hewa. Anayekata miwa, anayepuliza dawa shambani, anayetia dawa katika bwawa la kuogelea la hoteli, wote hawa wanavuta kitu kifuani, na hakuna mtu wa kaunti anayekuja na chombo kupima ni kitu gani. Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya kupuliza dawa misimu mitatu. Alipouliza ndani ya mtungi mna nini alionyeshwa karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama chungu. Akaambiwa asome. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nasi tumewahimiza wanachama waziunde. Lakini kamati isiyo na mtaalam wa kuiuliza ni watu wanaokaa mezani kutazamana.

Kwa hiyo yule aliyeuliza chama kina haja gani na wasomi, tunamjibu kwamba kifua chake mwenyewe ndicho chenye haja.

Tena sisi wa Kwale tunao ushahidi wa karibu kwamba mtaalam akikaa vizuri na watu, kazi huonekana. Lile bomba la mkono linaloitwa Afridev, ambalo leo linateka maji Afrika nzima na hata Asia, lilijaribiwa na kutengenezwa kwa sehemu kubwa hapa hapa pwani ya kusini, katika miaka ya 1980. Mabomba ya zamani yalikuwa yakiharibika kila mara, na fundi alikuwa ni wa kuja na gari kutoka mbali. Siku gari halipo, kina mama walirudi kwenye dimbwi. Wahandisi wakakaa na watu wa vijiji, wakayaweka mabomba, wakayaona yakivunjika, wakauliza yamevunjikaje, wakabadili chuma hiki na mpira ule, hata likapatikana bomba ambalo kamati ya kijiji yaweza kulifungua kwa spana moja. Kina mama wakafundishwa ufundi. Kazi ile haikumalizika kwa mwaka mmoja. Ilitaka miaka, na ilitaka mtu aliyekuwapo siku bomba lilipowekwa awepo pia siku lilipovunjika.

Na Gazi, hapo mbele kidogo, tumeona jambo la namna hiyo. Mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, ufuo ukabaki mtupu. Watafiti wa Serikali wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, walianza majaribio ya kuipanda tena mnamo mwaka 1991. Zaidi ya miaka 20 baadaye ndipo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 na kuuza hesabu ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zikaingia katika maji na shule, na mwaka 2017 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hesabu ile ya hewa haiuziki ila ikiwa imepimwa na mtu anayeaminika. Na aliyepima ni mtumishi wa umma, aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi kwa miaka yote ile, mti ukikua kwa mwendo wake.

Sasa ndipo tunafika kwenye sharti letu.

Serikali zetu zimependa sana siku hizi neno uanagenzi. Kijana aliyemaliza chuo kikuu huchukuliwa miezi 12, akapewa posho, kisha akapewa cheti na kuagwa. Tume ya Utumishi wa Umma iliuanza mpango wake mkubwa mwaka 2019 kwa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa kijana asiyejua kazi, mwaka mmoja wa kujifunza ni jambo jema, wala hatulikatai. Linalotuudhi ni pale ambapo kazi ni ya mtu mzima, elimu ni ya mtu mzima, na malipo ni ya mwanafunzi.

Tazameni walimu wa sekondari msingi. Wamehitimu, wameandikishwa, wanafundisha darasa zima tangu asubuhi, wakaitwa wanagenzi na kulipwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema huko ni kuvunja haki zao, maana mwalimu aliyekwisha hitimu hawezi kuwa mwanagenzi wa ualimu. Wakagoma, na ndipo ajira ya kudumu ikapatikana. Tazameni madaktari wanagenzi. Mkataba wa mwaka 2017 uliwaandikia kiasi cha shilingi 206,400. Serikali ikataka kuwapa 70,000. Madaktari wa nchi nzima waliweka chini vifaa tangu tarehe 14 Machi hadi 8 Mei 2024, siku 56, na wagonjwa wetu hapa pwani wakaumia pamoja nao. Hata Desemba mwaka huo ndipo Serikali ikakubali kulipa ilivyoandikwa na kutiwa sahihi miaka saba nyuma. Na wale wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 katika mpango wa Afya kwa Wote, mwaka 2025 walikuwa bado wakipiga kambi mbele ya Wizara Nairobi wakidai kazi ya kudumu.

Kuna pia khabari ya madaktari wa Cuba. Mwaka 2018 waliletwa 100, wakatawanywa katika kaunti zote kwa fedha za umma. Hatuna neno nao. Walikuja kufanya kazi, na wawili wao walitekwa nyara Mandera mwaka uliofuata wakiwa njiani kwenda kazini. Mwaka 2023 mpango ukafungwa. Walipoondoka, kiti kikabaki kitupu, kwa kuwa mpango ulikuwa wa kuleta mtu, haukuwa wa kuweka kazi.

Tunasema basi: ikiwa Kaunti ya Kwale itaweka wataalam wa udongo, wa maji, wa bahari, wa madini na wa afya kazini, iwaweke kwa mshahara, kwa mkataba wa miaka isiyopungua mitatu, wenye njia ya kuingia katika ajira ya kudumu, na haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 41 cha Katiba kimempa kila mfanyakazi haki hiyo, mwenye digrii na asiye nayo.

Msidhani twasema hivi kwa kuwahurumia wasomi tu. Twasema kwa faida yetu. Fikirini kijana wa miezi 12, mwezi wa tisa, ametumwa kupima maji ya mto chini ya shamba kubwa au kiwanda. Amekuta uchafu. Anajua mwenye shamba ni rafiki wa mkubwa fulani. Anajua pia kwamba barua yake ya kuongezwa muda iko juu ya meza ya mkubwa huyo huyo. Ataandika nini? Wengine wataandika kweli, nasi tutawavulia kofia. Lakini wengi wataandika kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Mtu asiye na hakika ya posho ya mwezi ujao hawezi kuwa mizani, maana mizani yenyewe imeshikwa na mkono wa mtu. Wale wa Marekani tuliowataja walitenga mkono unaolipa na mkono unaoshauriwa. Nasi twaweza kufanya hivyo bila ya kuvumbua kitu kipya: Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti iajiri, fungu la mishahara lipitishwe na Bunge la Kaunti kwa jina lake, na idara inayopimwa isiwe na uwezo wa kumfukuza anayeipima.

Neno kibarua, wasomaji wanajua, lilitoka katika barua: kile kikaratasi kidogo cha kuhesabia siku. Pwani hii imepigana na kikaratasi hicho kwa muda mrefu. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama, kuanzia gatini mpaka jikoni kwa wazungu. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi baada ya mgomo ule, alikamatwa mwaka huo huo akazuiliwa miaka kumi. Kati ya mambo waliyoyalilia ni mtu kuchukuliwa leo na kuachwa kesho. Haifai leo kikaratasi kile kile kirudi kikiwa kimepigwa muhuri wa chuo kikuu.

Yupo atakayeuliza fedha zitatoka wapi. Kwanza, sheria ya sayansi ya mwaka 2013 yaagiza Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na agizo hilo halijapata kutimizwa. Mwenye kudai na aanzie hapo. Pili, lile fungu la mrabaha, asilimia 20, ni fedha zilizotoka ardhini wala hazitarudi ardhini. Kutumia sehemu yake ili kujua kilichobaki na kilichoharibika ni matumizi ya busara kuliko lango jipya na mabango ya picha. Tatu, nusu ya gharama tumekwisha kulipa. Kwa zaidi ya miaka kumi kaunti yetu imewasomesha vijana kwa mpango wa Elimu ni Sasa. Wamo Wadigo na Waduruma waliosoma kemia, jiolojia, uuguzi, uvuvi. Wako wapi? Baadhi wako Nairobi, baadhi wako Ghuba wakilinda milango ya maduka, na wengine wako hapa Mwabungo wakiendesha bodaboda, tena twawajua. Kumsomesha mtu miaka minne kisha kumwacha barabarani ni sawa na kuchimba kisima na kukifunika kabla ya kuteka.

Sharti la lugha tulieleze kwa ufupi, maana halina ubishi. Ripoti ya mtaalam anayelipwa na umma iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi ya wadi, na isomwe barazani. Kifungu cha 35 kimetupa haki ya kupata khabari, na Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kijana akijua na Kidigo, wazee wa Kinondo watamwambia mambo ambayo chombo chake hakiyaoni.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Kwa sheria ya fedha za umma, karatasi ya mkakati wa bajeti hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari kila mwaka, na makadirio kabla ya 30 Aprili. Mikutano ya wananchi huitishwa kabla ya hapo, mara nyingi kwa tangazo la ghafla, na wanaofika ni wale wale. Safari hii twataka wanachama wafike. Watakaokwenda Kwale mjini kupeleka maandishi wataondoka stendi ya Ukunda kwa matatu ya asubuhi na kubadilisha Kombani. Nauli itatoka mfuko wa tawi, kwa risiti. Kila mwanachama mwenye mtoto, ndugu au jirani aliyesomeshwa na kaunti katika somo lolote la sayansi, aliandike somo hilo na mwaka aliomaliza, bila ya jina akipenda, ampe katibu. Tukisimama mbele ya kamati ya bajeti twataka tuwe na hesabu mkononi: wangapi wa maji, wangapi wa udongo, wangapi wa bahari, na wangapi kati yao wana kazi. Karatasi za kuandikia ziko kwa katibu, nazo zitapokewa mpaka mwisho wa mwezi.

Mhariri